Nairobi Hadi Naivasha kwa Siku Nne: Mwongozo wa Kuliteremkia Bonde la Ufa Polepole

Wengi wetu hapa Nairobi tunaijua njia ya Naivasha kwa kisogo cha abiria aliyeketi mbele. Unapanda gari Nyamakima, unasinzia ukifika Kangemi, unazinduka Kinungi, na muda si muda uko ziwani unatafuta samaki. Ni kilomita tisini hivi, na matatu isiyokwama kwenye jamu huzimaliza kwa saa mbili au pungufu. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzimaliza kwa siku nne.

Nasema siku nne kwa sababu hii si njia moja. Kwenye ukingo ule wa Bonde la Ufa zimepita njia za kila zama: vijia vya misafara ya wapagazi kutoka pwani, barabara ya mikokoteni ya ng'ombe aliyoianza Kapteni Sclater mwaka 1895, reli ya Mombasa hadi Kisumu miaka michache baadaye, barabara waliyoichonga mateka wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940, barabara kuu ya juu inayopita Kimende, na sasa reli mpya ya SGR inayopenya ardhini kule Ngong na kutokea bondeni. Kila moja imeacha alama. Alama hizo huzioni ukiwa dirishani, gari likiwa limekolea mwendo. Sharti ushuke. Utaratibu wa safari nzima ni huo: kushuka mapema kuliko ulivyozoea, kutembea kidogo, kulala palepale, kisha kupanda tena.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu, halafu chagua siku

Msimu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, kwa hiyo usiuache mwishoni. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa moyo wote: anga ni safi, njia za udongo zimekauka, na ukisimama ukingoni unauona mlima Suswa upande mmoja na Longonot upande wa pili bila pazia lolote. Septemba hadi katikati ya Oktoba pia panafaa. Julai na Agosti Limuru hufunikwa na ukungu, na unaweza kufika mahali pa kutazamia bonde saa tatu asubuhi ukaambulia weupe mtupu. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, panga kufika ukingoni alasiri.

Masika, yaani Machi hadi Mei, nakusihi uache. Sisemi hivyo kwa ajili ya tope tu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani huko juu ya Mai Mahiu yalipasuka na kuteremka na miti, mawe na matope hadi vijijini. Kijiji cha Kamuchiri kilifagiliwa watu wakiwa usingizini, na makumi walipoteza maisha. Utapita jirani na mahali hapo, na ardhi bado inaonyesha yalikopita maji. Mteremko ule si wa kufanyia mchezo mvua inaponyesha.

Kuhusu siku za wiki, anza Jumanne urudi Jumamosi asubuhi. Jumapili jioni magari ya kutoka Nakuru na Naivasha hukutana yote kwa wakati mmoja kwenye barabara ya juu, na unaweza kukaa saa nyingi Kinungi ukitazama taa nyekundu. Kumbuka pia kwamba kuanzia Rironi barabara inapanuliwa, hivyo jipe muda wa ziada na umuulize dereva hali ilivyo siku hiyo. Desemba na Pasaka nauli hupanda mara mbili na nafasi hazipatikani.

Hatua ya pili: Fungasha kidogo, lakini usisahau sweta

Mfuko mmoja wa mgongoni unatosha. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na Nairobi mjini ni kama 1,700, kwa hiyo baridi ya huko ni ya aina nyingine. Beba sweta zito na koti la mvua hata Januari. Viatu viwe vya kutembea kwenye udongo mwekundu, na ujue kwamba havitarudi na rangi yake. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila hicho hutapata bei ya raia kwenye hifadhi za wanyamapori. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hufanywa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, si kwa pesa taslimu getini, kwa hiyo fungua akaunti yako na uangalie viwango vipya ukiwa bado nyumbani. Mengine ni M-Pesa, noti ndogo ndogo za boda boda na vibandani, chupa ya maji, na ramani ya njia uliyoihifadhi kwenye simu, maana mtandao hukatika ukishaanza kuteremka.

Hatua ya tatu: Siku ya kwanza, anzia kwenye reli na ulale Kikuyu

Watu hushangaa nikiwaambia waianze safari ya mashambani katikati ya mji. Lakini Nairobi yenyewe ni kituo tu cha njia hii. Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, wajenzi wakatua kwenye uwanda wenye maji ili kujikusanya kabla ya kuukabili ukingo wa bonde, na kambi hiyo ikageuka jiji. Nenda kwenye Makumbusho ya Reli, nyuma ya kituo kikuu, asubuhi na mapema. Yamekuwapo tangu 1971. Tazama injini za mvuke, kisha tafuta behewa ambamo simba alimkamata Charles Ryall, ofisa wa polisi, katika kituo cha Kima mwaka 1900. Alikuwa ameketi humo akimvizia simba huyohuyo, usingizi ukamchukua. Saa moja na nusu inatosha hapo.

Kisha panda matatu ya Kikuyu. Usikubali kuitwa kwenye ya Naivasha hata makanga akikushika mkono.

Utapita Waiyaki Way. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa eneo hili ambaye mwaka 1890 alifanya mapatano na Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza ya IBEA, pale Dagoretti. Mapatano hayakudumu. Watu wa kampuni walichukua chakula na mifugo kwa nguvu, ngome ya Dagoretti ikahamwa na kuchomwa, na kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa ngomeni humo, akafungwa na kupelekwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, na simulizi za wazee zinasema alizikwa akiwa hai. Ngome zile zilikuwa vituo vya chakula vya misafara: mpagazi aliyetoka Mombasa alishiba hapa kwa mara ya mwisho kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Biashara hiyo ya unga, viazi na maharagwe ndiyo chanzo cha urafiki, na ndiyo chanzo cha ugomvi.

Ukifika Kikuyu, mwambie makanga, "Nishukishe Thogoto." Wamisheni wa Kiskoti walihamia hapa mwaka 1898, na bado unaweza kutembea kwa miguu kutoka kanisani hadi hospitalini hadi shuleni ukiona jinsi misheni moja ilivyopanda mbegu za mambo mengi. Kanisa la Mwenge, la mawe, lilijengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930. Jomo Kenyatta alijiunga na shule ya misheni hii mwaka 1909 akiwa kijana. Alliance High School ilianza hapa mwaka 1926. Na mwaka 1929 ndipo mzozo wa tohara ya wasichana ulipowagawa waumini, wengi wakaondoka, na shule huru za Wakikuyu zikazaliwa kutokana na mgawanyiko huo. Omba ruhusa kwa mlinzi kabla ya kuingia kanisani. Kwa kawaida hupati shida, ukisalimia kwanza.

Alasiri shuka kwenye bwawa la Ondiri, upande wa chini wa mji. Kwa macho ni uwanja wa majani mabichi, lakini majani hayo yanaelea juu ya maji, na aliyezoea akikanyaga pembeni utaona ardhi inatikisika. Usijaribu mwenyewe. Zunguka kwa nje, ukiwa na kijana wa hapo anayejua njia, na umlipe. Mto Nairobi unaanzia hapa. Mimi nadhani kila mtu anayevuka daraja la mto huo pale Gikomba akiziba pua anapaswa kuja Ondiri angalau mara moja auone ukiwa msafi.

Lala Kikuyu. Nyumba za wageni zipo kuanzia za bei ya chini hadi za wastani, na nyama choma ya jioni haitakusumbua kuitafuta.

Hatua ya nne: Siku ya pili, Limuru, na usiwe na haraka

Ukiwa na uwezo wa kuongeza usiku mmoja katika safari hii, uongeze hapa. Limuru ina mambo mengi kuliko inavyoonekana kutoka barabarani.

Anza na chai. Miche ya kwanza ya chai nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903. Pale Tigoni kuna shamba la Kiambethu, ambako A. B. McDonell alianza kulima chai kibiashara mwaka 1918. Kizazi chake kimeendelea kupokea wageni: unasimuliwa chai inavyochumwa na kusindikwa, unatembezwa kwenye kipande cha msitu wa asili kilichobaki, kisha unakula chakula cha mchana. Ni lazima uweke nafasi mapema, hawapokei mtu anayejitokeza tu. Ikiwa bei yake inakuzidi, usihuzunike, kwa sababu njia za udongo zinazokata katikati ya mashamba ya Tigoni ni za umma na kutembea hakulipiwi. Shuka kwenye boda boda penye kona ya kwanza ya kijani kibichi uipendayo, mlipe, utembee.

Jambo moja nalisisitiza. Wachumaji wa chai wanalipwa kwa kilo. Ukimsimamisha mama mwenye kikapu mgongoni ili umpige picha, umemnyima pesa. Salimia ukiwa unapita: "Habari ya asubuhi, shosho" kwa aliyekuzidi sana umri, na kama unajua Kikuyu kidogo, kitumie. Ukitaka mazungumzo, subiri saa wanapopeleka majani kupimwa. Hapo watu wameketi na wana nafasi.

Kutoka mashambani nenda Brackenhurst, kituo cha mikutano chenye vyumba vya wageni. Palipokuwa na mikaratusi pamerudishwa msitu wa miti ya asili, mche kwa mche, na leo unaweza kutembea humo chini ya vivuli ukisikia ndege ambao hawakai kwenye mikaratusi. Nakushauri ulale hapa au karibu na hapa. Kanisa la Watakatifu Wote la Limuru nalo liko upande huu. Katika makaburi yake ndimo alimozikwa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kufariki 1972.

Sasa tazama tena hayo mashamba mazuri. Katika miaka ya 1930 Tigoni ilikuwa bado na familia za Kikuyu zenye haki ya ardhi, zimezungukwa na mashamba ya walowezi. Serikali ya kikoloni haikutaka kisiwa hicho cha Waafrika katikati ya Nyanda za Juu za Wazungu, ikaamua wahame. Wengine walikubali kupewa ardhi kwingine, wengine walikataa katakata, na kufikia 1940 walikuwa wameondolewa. Walipelekwa Lari, kilomita chache kaskazini. Ugomvi wa nani alikubali na nani alikataa haukuisha. Weka neno hilo, Lari, akilini, maana kesho utafika.

Jioni, ukiwa bado na nguvu, pita Kamirithu, karibu na mji wa Limuru. Kilianza kama kijiji cha wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, watu wakiwa wamelazimishwa kuacha boma zao na kuishi kwa mstari chini ya ulinzi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza humo kwa Kikuyu mchezo kuhusu maisha yao wenyewe. Watu walifika kwa mabasi. Serikali ikaupiga marufuku baada ya wiki chache, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Usiende ukitarajia jengo. Nenda uzungumze na wazee, ukianza kwa salamu na si kwa simu iliyoinuliwa kupiga picha. Wapo waliokuwa watoto wakiketi kwenye yale mabenchi.

Hatua ya tano: Siku ya tatu asubuhi, Lari na Kijabe

Hii unaweza kuiruka ikiwa siku zako ni chache, ingawa mimi singeiruka. Panda matatu ya Kimende. Katikati utapita Uplands, palipokuwa na kiwanda cha nyama ya nguruwe ambacho wafanyakazi wake waligoma mwaka 1947, polisi wakawafyatulia risasi na kuua.

Lari leo ni mashamba ya kabeji, viazi na karoti, na ng'ombe wa maziwa. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali, wakizichoma. Chifu wa zamani Luka Kahangara, mmoja wa waliokubali kuhama Tigoni, aliuawa, na wengi waliokufa usiku huo walikuwa wanawake na watoto. Kisha walinzi wa serikali na askari wakalipiza kisasi, nao wakaua watu wengi, ambao habari zao hazikutangazwa kama zile za kwanza. Wajukuu wa pande zote mbili wanaishi hapa kama majirani. Usiulize mtu familia yake ilikuwa upande gani. Nunua kabeji kando ya barabara, tembea, sikiliza ukisimuliwa, na usiposimuliwa nyamaza.

Kijabe iko chini kidogo, pembeni mwa ukingo. Wamisheni wa Africa Inland Mission walihamia hapa mwaka 1903, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo la shule yao. Hospitali ya misheni bado inategemewa na watu kutoka mbali sana. Unakuja Kijabe kwa ajili ya msitu na upepo. Kunywa chai kwenye vibanda vya nje ya hospitali, tembea kwenye kingo za msitu ukiwa na mwenyeji, kisha urudi Limuru kabla ya saa saba mchana. Watu wa hapa huteremka hadi bondeni kwa miguu, lakini usiijaribu njia hiyo bila mtu anayeijua.

Hatua ya sita: Siku ya tatu alasiri, teremka kwa barabara ya Waitaliano

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike mwongozo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Barabara ya chini inaachana na barabara kuu baada ya Rironi na kushuka hadi Mai Mahiu. Shida yake kwa msafiri asiye na gari ni hii: matatu haisimami ukingoni, na ukishuka hupati nyingine yenye nafasi. Suluhisho ni kukodi Probox, gari dogo la abiria. Tafuta Limuru dereva aliyetulia, mkubaliane bei ya gari zima hadi Mai Mahiu, na mtaje vituo viwili kabla hamjaondoka: mahali pa kutazamia bonde na kanisa dogo la chini. Mwambie utakaa kila kimoja nusu saa. Mkiwa watatu au wanne mkagawana, gharama haiumi. Keti upande wa kushoto, bonde liko huko.

Usitembee kandokando ya barabara hii hata mita mia mbili. Ni nyembamba, na malori yenye mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo huteremka yakinuka breki. Boda boda hapa pia nakukataza.

Penye mahali pa kutazamia bonde pana vibanda vya ngozi za kondoo, kofia za manyoya, vinyago na mahindi choma. Wauzaji wataanza na bei ya watalii. Wasalimie, taja ulikotoka, na bei itashuka yenyewe. Nunua angalau hindi. Kisha sogea kwenye ukuta utazame. Mbele yako Longonot imekaa na shimo lake kileleni, mita 2,776 juu ya bahari. Kushoto ni Suswa, fupi na pana zaidi. Bonde hili lilitokana na bara kuvutwa pande mbili, na bado linavutwa, milimita chache kila mwaka. Sakafu ilididimia, kingo zikabaki juu, na moto wa chini ukapata pa kutokea. Ndiyo maana milima hii ya volkano imepangana bondeni.

Sasa fikiria kuushusha mzigo hapo bila lami. Wapagazi waliuteremsha vichwani. Bonde la Kedong, lililo chini ya macho yako, ndipo Novemba 1895 msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu zaidi ya elfu moja, ukirudi kutoka Ravine, ulipogombana na Wamaasai baada ya baadhi ya watu wa msafara kuwashika wasichana wa Kimaasai kwa nguvu. Mamia ya wapagazi waliuawa, na mfanyabiashara Mskoti, Andrew Dick, aliyekwenda kulipiza kisasi akauawa naye. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna deni kwa watu wale: ndio walioileta lugha hii bara, wakiwa na mizigo vichwani, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Wajenzi wa reli walipofika walikuta mteremko mkali mno kwa treni. Ili kazi isisimame wakati madaraja ya kudumu yakijengwa, waliweka njia za muda zilizoelekea moja kwa moja chini, wakawa wanashusha mabehewa kwa kamba za chuma, behewa tupu likipanda kila lililojaa liliposhuka. Hivyo ndivyo vyuma vya kujengea reli ya mbele vilivyovuka hadi mwaka 1901.

Kisha wakaja Waitaliano. Waingereza walipoivunja dola ya Italia kule Ethiopia na Somalia mwaka 1941, maelfu ya mateka waliletwa Kenya na kupewa kazi. Barabara unayoteremkia ni kazi yao. Karibu na mwisho wa mteremko walijijengea kanisa la mawe, dogo kiasi kwamba watu kumi na wawili wakiketi limejaa. Mwambie dereva asimame. Ndani kuna kimya, picha za kidini ukutani, na mara nyingi dereva wa lori aliyeingia kusali kabla ya kupanda mlima. Waliolijenga walikuwa mbali na kwao, hawajui watarudi lini, na walichagua kuacha hapa kitu kizuri pamoja na barabara waliyoamrishwa kuijenga. Weka sadaka kidogo, usiguse kuta, na kama kuna anayesali, subiri nje.

Mai Mahiu ni mji wa malori. Kula kwenye hoteli za madereva: chapati, maharagwe, matumbo, chai iliyokolea. Chakula ni kizuri na ni cha bei ya haki. Kulala hapo ni vigumu kwa kelele za injini, hivyo panda matatu ya Naivasha ukalale upande wa Longonot au Naivasha mjini.

Hatua ya saba: Siku ya nne, mlima au baiskeli

Chagua kimoja. Kufanya vyote kwa siku moja ni kurudia haraka ile tuliyoikimbia.

Longonot panda mapema, uwe getini likifunguliwa, kwa sababu ikifika saa nne jua la bondeni linachoma na njia haina kivuli. Ni kilomita tatu na kitu hadi kwenye mdomo wa shimo. Kuuzunguka ni kilomita saba nyingine, zenye kupanda na kushuka kwingi kuliko inavyoonekana. Mtu asiyezoea afike mdomoni, atazame msitu ulio ndani ya shimo, na arudi. Beba maji lita mbili.

Hell's Gate ni kati ya hifadhi chache ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Baiskeli hukodiwa kabla ya geti. Jaribu breki zote mbili na gia kabla ya kulipa. Mnara wa mwamba wa Fischer hauko mbali na geti, ukiwa na jina la Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Mbele zaidi utaona mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981. Kuhusu korongo lililo ndani ya hifadhi hii, uliza walinzi siku hiyohiyo, na usiingie kama kuna mawingu hata ya mbali: mwaka 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba humo.

Ziwani enda jioni. Limepanda sana tangu 2020, likameza mashamba na nyumba za mtaa wa Kihoto, na miti iliyokufa bado imesimama majini. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea, patana bei ya boti nzima na si ya kichwa, na mwambie nahodha awape viboko nafasi. Samaki wa kukaanga utampata Kamere, ufuo wa umma.

Kurudi

Lala Naivasha na uondoke asubuhi kwa barabara ya juu, ili uone ukingo uleule kutoka upande mwingine. Omba kiti cha dirishani upande wa dereva, maana bonde sasa liko kulia. Kati ya Kinungi na Kimende wanauza viazi, karoti na njegere kwa bei ambayo Nairobi huipati. Ukitaka kununua, mwambie dereva mapema kabla ya kuondoka steji, naye atakuambia anasimama wapi. Fika mjini kabla ya saa kumi alasiri, kabla jamu ya Uthiru haijafunga.